Mkono wa Shangazi

Juzi huko Bondeni nilimkuta binti mtafiti sebuleni kwa shangazi yangu, akichunguza jinsi mafua yanavyoambukizana nyumbani. Shangazi alipiga chafya, akajifuta pua kwa kiganja.

"Leo umemgusa nani, bibi?" binti akamwuliza.

"Sijamgusa mtu, mwanangu. Niko papa hapa tangu asubuhi."

Wajukuu sita wakaingia kutoka madrasa, wakaubusu mkono wake mmoja mmoja. Binti akatia alama sita kwenye karatasi yake.

Alipoaga, naye akainama akaubusu. Mlangoni akasita, akaitoa tena karatasi, akatia alama ya saba.

Nikacheka. Akanigeukia, kalamu mkononi. "Na wewe, kaka, ulipoingia?"

Safu hii nimeiandika kwa mkono mmoja. Wa pili umeshika kitambaa.