Kopo la Maji ya Samaki

Mimi ni mwoga, na sioni aibu kulisema. Naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa hata kuku mwenye vifaranga akinikimbilia. Lakini woga ulionipata uani kwa mama mkwe wangu, pale Magarama, mjini Gitega, ulikuwa wa aina nyingine. Ulinikaa tumboni, na sina hakika kama umeshatoka.

Nilikuwa na miezi michache tu katika ndoa. Kwetu ni Gasorwe, huko Muyinga, ingawa nimekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, na Kiswahili changu kilimchekesha sana wifi yangu. "Huyu anasema kama redio," alikuwa akisema. Mgeni ni kuku mweupe: nikikohoa, mtaa mzima unajua ni mimi. Mume wangu alifanya kazi Bujumbura na kurudi mwisho wa juma, kwa hiyo siku za katikati tulibaki watatu, mama mkwe, wifi na mimi.

Mama mkwe alikuwa na tangi la sementi nyuma ya nyumba, limejaa tilapia. Aliwapenda kupita kiasi. Pumba asubuhi, pumba mchana, jioni mabaki ya ugali, kama wageni wa harusi. Maji yakawa kijani, mazito. Halafu jirani mmoja akachungulia juu ya ukuta akasema, "Ayi, samaki hizi zinanenepa!" Mama mkwe alicheka naye vizuri tu, lakini jirani alipotoa kichwa chake, akalifunika tangi lote kwa turubai, kwa sababu ya kijicho. Likakaa hivyo siku kadhaa, mchana na usiku. Kazi yangu ilikuwa kuinua pembe moja, kutupa pumba, kufunika tena.

Asubuhi moja niliinua ile pembe nikaona midomo. Samaki wote walikuwa juu, midomo nje ya maji, wakiifungua na kuifunga, na wengine wamelala ubavu. Mama yangu wee! Nilipiga kelele. Mama mkwe akaja mbio, akalivuta turubai lote. Wifi akaja. Jirani naye akatokeza kichwa ukutani, maana yule hakosi.

"Samaki iko nakufa," mama mkwe alisema. Akaliweka turubai chini. "Jana jioni nani aliwapa chakula?"

"Mimi, mama. Kama kila siku."

"Minauliza tu."

Wifi hakuuliza tu. "Na ile dawa yenye ilitoka kwenu," akasema, "iko wapi?"

Juma lililotangulia mama yangu alikuwa amenitumia kifurushi cha majani makavu yaliyosagwa. Dawa ya tumbo, basi, chungu kama nini. Nilikunywa nikapona.

"Imekwisha," nikasema. Neno lilipotoka tu mdomoni nikasikia lilivyo baya. Jirani alimtazama wifi, wifi akamtazama mama mkwe, na mimi hakuna aliyenitazama.

Niliogopa, maana nilijua wanawaza sumu. Kwetu neno sumu halina mchezo. Tuliporudi Gasorwe nilimjua mwanamke aliyeitwa mrozi, yaani mtia watu sumu. Hakuna aliyemfungulia kesi. Watu waliacha tu kununua ndizi zake, wakaacha kumkaribisha, watoto wakawa wanakimbia akipita, mpaka siku moja akafunga mlango akaenda zake. Mimi hapo uani hakuna aliyenitamkia lile neno. Lakini akufukuzaye hakwambii toka. Niliona kabisa kwamba samaki wale wakifa, mimi nimekwisha.

Basi nikafanya kitu ambacho hata leo sijui nilikitoa wapi. Nyumbani kwetu anayekukaribisha kinywaji hunywa kwanza yeye, mbele ya macho yako, uone hakuweka kitu, ndipo na wewe unapokea unakunywa. Nikachukua kopo lililokuwa ukingoni, nikachota maji ya tangi, nikayanywa. Matope, pumba iliyochacha, shombo. Nilimeza yote yaliyokuwa mdomoni. Kisha nikamnyooshea mama mkwe lile kopo, likiwa na maji bado.

Na hapo ndipo woga mwingine ukaja, mbaya kuliko wa kwanza. Mimi najua sikuweka kitu. Lakini je, kama mwingine aliweka? Jirani alikuwa ukutani hapo. Nimekunywa nini, Yesu wangu? Nikaanza kulisikiliza tumbo langu, na kila likinguruma nikaona ndio mwisho.

Kopo likaniponyoka. Maji yakamwagika tangini toka juu, yakachapa na kutoa povu, na samaki wote waliokuwa karibu wakageuka, wakakimbilia pale pale povu lilipo. Povu lilipokwisha, wakatawanyika wakihema tena.

Nililiokota kopo, nikachota, nikamwaga toka juu kadiri mkono ulivyofika. Wakaja. Nikamwaga tena. "Wanataka hewa!" nikapiga kelele. "Mama, hawana hewa hawa!" Wifi akakimbilia sufuria. Mama mkwe akafungua mpira wa bomba, akaunyanyua juu ya kichwa chake, maji safi yakaanguka kama mvua. Tulimwaga mpaka mabega yakauma. Wachache walikufa. Wengine, taratibu, wakaanza kushuka chini tusiwaone.

Mume wangu aliporudi alieleza vizuri. Maji ya kijani hutoa hewa yakipata mwanga. Ukiyafunika gizani, yenyewe yanaila. Pumba inayooza inaila pia. Alilikunja turubai akaliweka mbali, akapunguza maji ya zamani, akaleta kipampu kidogo cha kupuliza mapovu. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe maji yalikuwa yamechoka." Akaingia ndani kupika. Yakaishia hapo.

Lakini jioni ya siku ile ile ya kopo, kabla mume hajarudi, nilikuwa nimempigia mama yangu kule Gasorwe. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepona. Tumbo lilikuwa limetulia, samaki waliobaki walikuwa wazima. Nikamweleza yote, na kopo nikaliweka mwisho, nikitegemea ataniambia nilifanya vema.

Hakunisifu.

"Ulipomnyooshea mkweo," akauliza, "alipokea?"

"Hapana, mama."

"Wifi yako?"

"Hapana."

"Kuna mtu yeyote aliyekunywa baada yako?"

"Hakuna."

"Basi bado hawajakuamini, mwanangu," alisema. "Bado."

Tangu hapo ninaamka kabla ya wote, naenda tangini, nainama nisikilize kipampu na kuangalia kama kuna mdomo juu ya maji. Jirani akiniona, humwambia mama mkwe kwamba mke wa mwanawe anapenda samaki kweli.