Mama Mkwe Aliacha Kunywa Chai Nyumbani Kwangu

Admin, iweke bila jina langu. Wanaonijua watanitambua kwa ukali wa maneno, lakini hilo ni juu yangu.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa, Mluhya, mkazi wa London kwa muda mrefu. Nimesoma, na kubishana ndiyo starehe yangu. Kwenye kundi letu la Wakenya huku, mimi ndiye ninayeandika aya ndefu kupinga mahari, kupinga matanga yasiyoisha, kupinga kila mila inayomfanya mtu mzima aishi kwa woga. Mke wangu ni askari. Jeshi lake, lipi tuliache, humlipa posho ya nyumba kila mwezi wala halifuatilii tumepanga wapi. Kodi ikiwa chini ya posho, kinachobaki ni chetu. Hapo ndipo nilipoharibu.

Mke wangu alitaka nyumba ya vyumba viwili Harrow. Nikamhutubia. Nikamwambia jiji hili linawafyonza wajinga wanaompa mwenye nyumba mpaka senti ya mwisho ili waonekane wana bustani. Nikatafuta fleti ya chumba kimoja Walthamstow, juu ya duka la vitambaa karibu na soko, kodi nusu tu ya posho. Ila mlango wa choo na bafu ulikuwa ndani ya chumba chetu cha kulala. Ukitaka kujisaidia, unapita miguuni pa kitanda. Siku ya kuiona, mke wangu alimtazama ajenti, kisha akanitazama mimi.

"Baba Imani, na mama akija?"

"Atapita kama watu wote. Hii ni London."

Nusu iliyobaki ikawa inaenda kwetu Kakamega, kwenye nyumba ninayojenga, tena ya ghorofa. Mwenye kucheka acheke.

Mwaka huu tulijaliwa mtoto wa pili, na mama mkwe akaja kumsaidia bintiye. Kwa wasiojua, kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa umbali. Hamshikani mikono, hamketi karibu, na yeye kuona kitanda cha mume wa binti yake ni aibu isiyosemwa hata kwa sauti ya chini. Nililelewa hivyo. Nilijua. Na mimi hufanyia kazi nyumbani, mle mle chumbani, juu ya kitanda, laptopu magotini, kutwa nzima. Siku ya kwanza nilimwona amesimama mlangoni na taulo mkononi. Akageuka, akarudi sebuleni kwenye kochi alilokuwa akilala na Imani, binti yetu mkubwa. Nikajifanya sikumwona.

Basi akaanza kukataa chai. Mluhya, na sisi tunavyoipenda chai!

"Mama, kikombe kidogo tu."

"Asante mkwe wangu. Nimefunga, namwombea mtoto."

Akawa anashuka sokoni mara kwa mara na kurudi mikono mitupu. Nikamtania mke wangu: "Mama yako ameipenda London, anazurura kuliko watalii." Hakucheka. Tena, Mungu anisamehe, nikaandika kule kwenye kundi kwamba mama mkwe wangu analala kwangu na mbingu hazijaanguka. Wakanipigia makofi.

Kisha siku moja mama akaanguka kituo cha basi. Hospitalini wakasema ni maambukizi ya njia ya mkojo, yamefika kwenye figo, na mwili hauna maji. Daktari akauliza mbona hanywi. Mama akasema alikuwa amefunga. Daktari alipoondoka, mimi nikiwa nyuma ya pazia, nikamsikia akimwambia bintiye kwa Kiluhya: "Ningepitaje, mwanangu, naye yuko kitandani? Nikinywa, inabidi nishuke mpaka ule mgahawa wa sokoni, nao hawaruhusu mtu kutumia choo bila kununua kitu."

Mke wangu alitoka akanikuta pale pale. Hakupaza sauti. "Uliposema mila ni ujinga, nilikuamini. Kumbe hukuwa unapigania uhuru wa mtu yeyote. Ulikuwa unapigania saruji."

Nimebishana na maprofesa, nimebishana na wachungaji. Hapo nilienda tu kumtafutia mama maji.

Mama amepona, ila hakurudi kwangu. Yuko Barking kwa mwanamke wa kanisa lake, na kila siku anapanda mabasi kuja kumwosha mtoto, kisha anaondoka kabla ya chakula. Mke wangu amepata nyumba yenye vyumba viwili na vyoo viwili. Inameza posho yote. Tukiichukua, ule ujenzi utasimama bila paa. Ajenti anataka jibu kufikia Ijumaa. Mama naye ametuma neno: "Mwambieni mkwe asiongeze kodi kwa ajili yangu. Mimi ni mgeni, naondoka."

Mke wangu akanionya: "Hiyo ni adabu yake. Ukiifanya ruhusa, nenda ukaishi kwenye ghorofa lako."

Na mimi je? Jana, baada ya yote hayo, nilijikuta mtandaoni nikitafuta fleti nyingine ya chumba kimoja, nafuu kidogo, yenye choo kwenye korido. Mke wangu akaiona. Akaifunga laptopu yangu taratibu, akaenda kunyonyesha. Tangu hapo anazungumza nami kupitia Imani.

Naandika haya nikiwa nimempigia ajenti na kumwambia tunaichukua. Posho yote. Msinipongeze, mtu hapongezwi kwa kufanya leo alichoombwa tangu mwanzo. Shida yangu ni hii. Mama amemtuma bintiye amwombee msamaha, yeye kwangu mimi, kwa usumbufu aliotuletea. Nataka kwenda Barking kumwambia kwamba mkosaji ni mimi. Lakini kwetu mkwe akitaja choo mbele ya mama mkwe, ni kama kumvua nguo hadharani. Nikinyamaza, atapanda ndege akiamini kosa lilikuwa lake. Ninyi mlioolewa na kuoa kwenye mila kama hizi, na hasa ninyi niliowatukana kwa kuzishika, nisaidieni: naombaje radhi kwa jambo nisiloweza kulitamka?