Presha ya Hopoate

Hopoate Vea ni mtu wa kubeba nguruwe mzima begani huku anapiga mluzi. Alipoambiwa kwamba kazi ya kuchuma machungwa Australia inaanza na vipimo vya afya, alicheka.

"Wanipime mimi? Wakapime hiyo michungwa kama itanihimili."

Lakini asubuhi ile pale kliniki ya kisiwani kwetu hakupiga mluzi. Kimbunga kilikuwa kimeondoka na paa lake, na mkewe, watoto na mama yake mzazi walikuwa wanalala chini ya turubai. Paa jipya lilikuwa Australia, juu ya michungwa. Vipimo vikimkataa, turubai litabaki.

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, na Lisiate nyuma yangu. Mkojo kwanza: Hopoate alikirudisha kikopo kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama anamkaribisha mchungaji chai. Macho, akasoma herufi hadi zile za sisimizi. Masikio, sawa. Eksirei ya kifua, akaambiwa abane pumzi, akabana mpaka wakamsahau. Kuchuchumaa na kuinuka, kunyanyua sanduku bila kupinda mgongo, kupanda na kushuka ngazi, vyote akavipita kama anacheza.

Ikabaki presha. Akavua shati, akafungua na mkeka wake wa kiunoni, vazi letu la heshima, akakaa na kaptura tu. Pazia likafunguliwa, akaingia nesi.

Alikuwa Meleane, binti wa mama yake mdogo.

Kwetu huyo ni dada, basi. Na dada hakuoni kifua wazi. Mkishakua hamkai chumba kimoja, hamtaniani, na redio ikitaja mambo ya mapenzi mmoja wenu anakumbuka ghafla kwamba kuku hawajala. Hopoate alitafuta ukuta wa kuingia. Meleane alimfunga mkanda wa presha huku anaangalia dari.

"Mia na sabini na nane," akaiambia dari.

Daktari Brennan, Mzungu aliyefika wiki ile, akakunja uso. "Mwisho wetu ni mia na arobaini. Unakula chumvi nyingi?"

"Hapana, Daktari." Jana yake kwenye karamu ya kumuaga alikuwa amemaliza nyama ya kopo ya ukoo mzima.

"Pumzika. Tutarudia."

Wakarudia. Mia na tisini.

"We Hopoate!" Lisiate akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Hata nguruwe akiona kisu hapandi presha hivyo! Pumua, bwana!"

"Nyamaza, Lisiate," nikamwambia. Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho, na wala presha haikuwa yangu.

"Kuna kitu kinakusumbua?" daktari akauliza.

Angejibu nini? Aseme dada yake anamsumbua, mbele ya mgeni, na yeye yuko nusu uchi? Afadhali turubai. Akatikisa kichwa. Jasho likadondoka sakafuni.

"Basi hii ni ya mwisho," daktari akasema, akishika kalamu. "Ikikataa, jaribu mwakani."

Hopoate akafumba macho. Meleane akauchukua mkanda, akausogeza hadi kwenye mkono wa kaka yake, akasimama hapo. Halafu akageuka, akauweka mkanda kwenye mapaja ya daktari.

"Mpime wewe, Daktari. Huyu hana presha. Ana dada."

Akatoka, haangalii mtu.

Daktari alitutazama sisi wa foleni. Wote tukawa tunasoma bango la chanjo. Akamwacha Hopoate apumzike kitambo, akamfunga mkanda yeye mwenyewe. Mashine ikavimba, ikapumua, ikavimba. Lisiate alinishika mkono kama mchumba.

"Mia na thelathini na sita," daktari akasema. "Umepita."

Hopoate akavaa shati, akafunga mkeka wake kiunoni vizuri, akachungulia nje. Meleane alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlangoni, na mlango ni huo mmoja tu. Basi mchuma machungwa mpya wa Australia akatoka kupitia dirishani.