Behewa la Mwisho Halifiki Jukwaani

Kituoni wanamwita Kipaza. Ni mchukuzi wa mizigo, hajaajiriwa na mtu, ila kila treni ikiingia yeye ndiye huwapigia abiria kelele: "Behewa la mwisho halina jukwaa! Pitieni mbele!" Jukwaa lilijengwa fupi, treni zikarefuka, na hakuna aliyejisumbua kuweka hata kibao. Mkuu wa kituo aliizoea sauti ile kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.

Jumatatu Kipaza alikuwa na sanduku kichwani na mteja mwenye haraka. Hakupiga kelele. Mama mmoja, fundi cherehani, akakanyaga hewa, akavunjika nyonga.

Sasa Kipaza yuko ofisini kwa mkuu wa kituo, amekalia ncha ya kiti, wanamngoja mkaguzi wa ajali. Feni inazunguka na jasho linamtoka vilevile.

"Sikiliza, kijana wangu," mkuu akasema kwa sauti ya chini. "Ulipiga kelele kama kawaida, mama hakusikia la mtu. Basi. Tukionekana wazembe, wa kwanza kufukuzwa hapa ni wewe."

"Na matibabu yake, mzee?"

"Ana watoto, watamtibu wao."

Asubuhi mke wa Kipaza alikuwa amemwambia, "Baba, yule mama umeshamwangusha mara moja. Usimwangushe tena." Alimjibu kwamba hata wao wanakula kutokana na jukwaa hilohilo. Lakini maneno ya mkewe yalimnyima raha njia nzima.

Mkaguzi akaingia, akavuta kiti.

"Kumbe ndiwe Kipaza! Nimeambiwa unasikika mpaka sokoni."

"Wananisingizia, bwana."

"Jumatatu ulisikika?"

Mkuu akakohoa. Kipaza akamgeukia mkaguzi.

"Sikupiga kelele. Nilikuwa na mzigo."

"Kupiga kelele ni kazi yako?"

"Hakuna aliyenituma. Niliona watu wanaanguka, nikaanza."

Mkaguzi akainua uso. "Watu? Kabla ya huyu mama?"

"Wawili."

"Na mkuu wa kituo alijua?"

Kipaza akajikuta anatazama viatu vyake. "Wa kwanza tulimbeba pamoja. Yeye alishika miguu."

Mkuu akasimama. "Toka! Usikanyage tena jukwaa langu!"

"Sawa, ni lako," mkaguzi akasema taratibu. "Na treni ya saa kumi, nani atawaambia abiria?"

Kipaza alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kwenye kitasa, hajui kama swali lile lilikuwa lake.