Vidonge Kwenye Mkebe wa Hamira

Siku niliyofungua mkebe wa hamira wa mama nikakuta vidonge, nilipiga kelele hadi kuku wakatoka mbio jikoni.

Vilikuwa vya kifua kikuu. Alitakiwa kuvimeza miezi sita. Mimi nilikuwa Kitale nikisoma, na kila nikipiga simu nyumbani kwetu karibu na Sirisia aliniambia, "Niko sawa, bana." Kumbe wiki mbili nzima alikuwa akivitupa humo.

"Mama, unataka kufa?"

"Nataka kukanda," akasema, akaninyooshea mikono.

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi tangu aanze zile dawa. Mama alioka mikate ya kuuza siku ya soko, na maishani mwake hakuwahi kupima kitu kwa kikombe wala saa. Alibonyeza donge kwa kidole kimoja tu, akajua limeumuka au bado. Sasa alikuwa akibonyeza na hasikii kitu. Mikate ya soko lililopita ilitoka migumu kama tofali na watu wakamcheka. Jamani, mama yangu! Nilimwonea huruma na hasira palepale.

Basi nikajitia usomi. Kazi yangu chuoni ilikuwa hiyo hiyo hamira. Nikamweleza kwamba kila chembe ya hamira ina vijilango kwenye ngozi yake. Ikivimba kwa maji, ngozi inavutika, vijilango vinafunguka, chembe inajua imevimba mno na inajiokoa isipasuke. Mimi natia kemikali moja baada ya nyingine kuona ni ipi inayovifunga. Ipo chumvi moja ya madini, ukiitia kidogo tu vinafunga kabisa, na chembe haisikii tena kwamba inavutwa.

"Labda na vidole vyako ni hivyo," nikamaliza, nikijiona mjanja.

Mama alipiga makofi. "Si umesema mwenyewe! Dawa inafunga mlango. Basi nimeiacha, daktari wa hamira."

Mdomo uliponza kichwa. Nilianza kujitetea, ati hamira si mtu, ati mimi sijui lolote kuhusu vidole, lakini alikuwa ameshageukia moto. Usiku huo alikohoa, nami nikalala macho wazi nikiilaani elimu yangu.

Asubuhi nilimshika mkono hadi zahanati, nikabeba ule mkebe. Sista aliyekuwa kwenye zamu alihesabu vidonge bila kufoka. Akatuambia mambo ya vijilango tuyaache, ile ganzi ni mishipa ya fahamu, inajulikana, na ina vitamini yake. Angeambiwa mapema angempa. Alimpima tena, akamrudishia dawa pamoja na hiyo vitamini.

"Na mkate?" mama akamuuliza, machozi yakimlengalenga. Sikuwahi kumwona akilia mbele ya mgeni.

"Mkate nitakanda mimi," nikasema.

Mimi, ambaye hata ugali wangu ulikuwa na madonge! Lakini kila Ijumaa nilitoka Kitale, nikafika jioni, tukasimama mezani. Mimi nabonyeza, yeye ameweka mkono wake juu ya wangu, ananiuliza, "Linarudi? Linarudi pole pole ama haraka?" Nikikosea ananipiga kiwiko. Mikate ya kwanza tulikula wenyewe. Ya mwezi wa pili iliuzwa yote. Vidonge alivimeza mbele yangu, huku amekunja uso, na siku nisizokuwepo jirani yetu alimsimamia.

Ilikuwa karibu amalize dozi. Nilikuwa nimebonyeza donge, mkono wake juu ya wangu kama kawaida, macho yake yako kwenye moto. Kidole chake kikatembea taratibu hadi kwenye ncha ya changu, kikarudi, kikaenda tena.

"Hizi kucha zako ni ndefu," akasema. "Ndizo zinanitobolea donge. Kata."

Nilizikata palepale kwa wembe, nikilia, na hadi leo sijazifuga tena.