Dole Gumba la Sada

Nimeshaona aibu nyingi, lakini kunyamazishwa na tenga la njegere mbele ya watu kumi na wawili (niliwahesabu, nilikuwa natafuta pa kuangalia) ndiyo inayonichoma masikio hadi leo.

Ofisi yetu hapa Morogoro mjini husafirisha mboga za wakulima wa Mgeta kwenda Dar, na watu wa kompyuta tuko wawili: Sada ana mitambo, mimi nina programu, na katikati pana kichaka ambacho hakuna aliyewahi kutugawia. Jumatano lori likaharibika, safari ya Alhamisi ikasogezwa hadi Ijumaa, bosi akaandika ujumbe wa simu kuwaambia wakulima wasichume kwanza. Mchana nikaona kwenye skrini: "Ujumbe haujatumwa." Nikajiuliza, hili la mtambo au la programu? Nikaamua ni la mtambo (nilikuwa na njaa), nikapiga picha, nikaitupia kwenye grupu letu, Sada akajibu kwa dole gumba, mimi huyoo, nikaenda kula ugali wangu kwa amani.

Ijumaa asubuhi akaingia Bi Mwanahawa, mkulima wa Mgeta, akalitua tenga juu ya meza yangu. Njegere zimegeuka manjano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Jana tumeshuka nazo kichwani tangu alfajiri, tukakaa barabarani mpaka jua likazama. Kutuambia gari haliji ni kazi ya nani?"

Nikamwonyesha Sada kwa kidole. Sada naye, wakati huohuo, kidole kwangu.

"Si ulituma dole?"

"Dole maana yake nimeona! Mtambo unawaka, programu ni yako."

"Haya, kumekucha!" akasema mmoja wa wakulima waliopanga foleni ya malipo hapo ofisini, watu wakacheka. Bi Mwanahawa hakucheka.

"Wanangu, sisi kule mzigo ukimshinda mwenzako njiani, unampokea kwanza. Wa nani, tutaulizana tukifika."

Akaomba atwishwe tenga lake, akawape mbuzi. Nikamtazama Sada, Sada akanitazama, na tukiwa bado tunatazamana, mama mmoja wa foleni akainuka akamtwisha.

Tulimfuata hadi nje kumwomba radhi. Tuliporudi tukazima na kuwasha mtambo na programu, vyote viwili, ujumbe wa majaribio ukaenda. (Nini kilikuwa kibovu, hatujui hadi leo.)

Siku hizi dole gumba silipokei. Napiga simu: "Sada, tatizo umeliona au umelibeba?" Asipopokea, nalibeba mimi.