Nishikie Mtungi

Juzi nilikuwa Kawangware, kule mtaa unaoitwa 46, nikimngoja fundi wa mabegi anibadilishie zipu. Unanijua mimi. Begi langu likiharibika zipu situlii, kwa maana kila mara nina mahali pa kwenda, na safari hii palikuwa Kitale. Fundi aliniambia nikae kwenye benchi la jirani yake, chini ya kivuli cha mabati, na hapo ndipo niliposikia vijana wakigombana juu ya jitu.

Walikuwa wanne, wamezunguka meza ndani ya kibanda cha kuchaji simu. Mezani palikuwa na ramani iliyochorwa kwenye katoni, vifuniko vya soda, na dadu za plastiki zenye pande nyingi kuliko dadu ninazozijua. Msichana mwenye miwani ndiye aliyekuwa akisimulia hadithi. Wale wengine kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya hadithi hiyo, na dadu ndiyo iliyoamua kama pigo limempata adui au limepita hewani. Sasa walikuwa wamefika kwa jitu lenye mikono minne.

"Mikono nne, ngumi nne," kijana mmoja alisema. "Hesabu ni hesabu."

"Basi tumekufa wote, twendeni nyumbani," mwenzake akamjibu.

Msichana mwenye miwani alikuwa akitafuna kifuniko cha kalamu, anawaza. Nami, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, nikajikuta nimeinama mbele kwenye benchi nikingoja uamuzi wake. Ugomvi huo naujua. Niliuacha Kibera nilipokuwa mtoto, na sikudhani kama kuna mtu aliyeuokota.

Kwetu palikuwa chini ya mtaa wa Olympic, pale nyumba za mawe zinapoishia na zetu za udongo na mabati zinapoanza. Mama alikuwa msusi. Alifanyia kazi nje ya mlango wetu, kwenye kigoda, mteja ameketi chini kwenye gunia, na ndiyo maana hadi leo nikisikia harufu ya nywele za rasta zinazochomwa ncha kwa mshumaa, halafu kuchovywa kwenye maji moto, njaa inaniuma. Harufu hiyo ilikuwa na maana kwamba kuna kazi, na palipokuwa na kazi palikuwa na mandazi na chai ya rangi. Ng'ambo ya mtaro alikaa fundi wa akala, vile viatu vya tairi. Siku nzima ungesikia kisu chake kikikata tairi, na redio yake ambayo haikuwahi kushika stesheni moja tu kwa wakati mmoja.

Mchezo wetu ulikuja umefungia njugu. Mama mmoja aliyeuza njugu karangwa kando ya reli alikuwa na kitabu kikuukuu cha Kiingereza, amekipata kwenye mitumba, na kila siku alichana kurasa akizikunja kuwa pembe. Siku hiyo njugu zangu zilipoisha nikakunjua karatasi ili nilambe chumvi, na hapo ndani alikuwapo yeye, amechorwa kwa wino mweusi: jitu limesimama kwenye daraja, mikono mitatu kulia, mikono mitatu kushoto.

Nilimpelekea mtoto wa fundi wa akala, aliyekuwa darasa la nane na aliyesoma Kiingereza bila kusimama njiani. Alisoma upande wa nyuma, akaenda mbio kwa mama wa njugu, akabadilishana naye magazeti ya baba yake kwa kurasa zilizobaki. Kutoka kwenye mabaki hayo alitueleza kwamba huu ni mchezo, kwamba mtu mmoja anasimulia na wengine wanatembea ndani ya hadithi. Yeye akawa msimulizi, nasi tukamwita refa, kwa sababu alipenda kuamua mambo. Tulicheza kwa dadu moja ya ludo. Ukirusha ikaja nne kwenda juu, pigo limempata mwenzako. Ukipigwa mara tatu umekufa, na aliyekufa harudi. Hilo la mwisho aliliongeza mwenyewe.

Wachezaji tulikuwa wachache, ila wa kudumu tulikuwa mimi na msichana wa mlango wa pili, jirani yangu. Mtu wangu alikuwa Kinyozi, silaha yake wembe. Wake alikuwa Mama Mtungi, mwanamke wa kuchota maji, aliyepigana kwa mitungi miwili ya plastiki ya lita ishirini. Hatukuwa na mashujaa wengine wa kuwaiga. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mimi naye tulikuwa foleni ya maji, na jirani alibeba mitungi yake bila kuinama, utadhani mikono yake ilishonewa hapo.

Jitu tulilipa jina la Sita. Refa alilichonga kutoka kwa kipande cha tairi, akalitia mikono ya waya, akalisimamisha kwenye daraja la kijiti. Ng'ambo ya daraja ndiko mchezo ulikokuwa ukiishia, kwenye mji ambao kila nyumba ina bomba lake la maji. Hakuna aliyewahi kufika. Ukurasa wa kueleza jinsi Sita anavyopiga ulikuwa umeshauzwa na njugu, kwa hiyo refa akatoa uamuzi wake: mikono sita, ngumi sita, anarusha dadu mara sita kabla hujajibu. Kinyozi wangu alikufa akiwa bado anafungua wembe. Baada yake nilituma Mpishi, nikatuma Mchimba Choo. Wote walizikwa chini ya daraja.

Jirani hakumtuma Mama Mtungi. Alimweka kwenye ukingo wa mto, mchezo baada ya mchezo, akichota maji. Tukimcheka anasema, "Nyinyi mna haraka ya kufa. Mimi sina."

Halafu, likizo ya Disemba, baba yake akapata kazi ya kulinda lango upande wa Kawangware, na wakaambiwa kuna chumba 46. Wangehama Jumapili. Jumamosi asubuhi kwenye foleni ya maji jirani alisukuma mitungi yake kwa mguu mpaka zamu yetu ilipokaribia. Kisha akaniambia, "Leo anavuka. Siwezi kuenda nimwache hapa kwa ukingo."

"Na akikufa?"

"Akikufa nitakuwa nimeenda bila mtu," akasema, akaweka mtungi chini ya bomba.

Mchana wa siku hiyo Mama aliamua kumsuka rasta za kuagana, bila malipo, aende shule mpya akiwa mtu. Aliwaita wasusi wenzake wawili ili wamalize kabla jua halijashuka. Kama hujawahi kusukwa na watu watatu kwa pamoja, sijui nikueleze vipi. Kichwa chako kinakuwa mali ya umma. Mmoja anakigeuza huku, mwingine anakirudisha, wa tatu anakuambia utulie. Jirani aliketi kwenye gunia, kidevu kifuani, mikono sita kichwani, na refa akapanga mchezo kwenye katoni mbele ya miguu yake, mahali pekee macho yake yalipoweza kufika.

"Mama Mtungi yuko daraja," jirani alisema akiongea na magoti yake.

"Sita anakuona," refa akasema. "Anainua mikono yote." Akaanza kutikisa dadu.

"Ngoja," jirani akasema.

Tukangoja. Wasusi walikuwa wakisimuliana habari za harusi fulani na hawakuwa na habari na sisi.

"Hainivuti sita," akasema.

"Nini haikuvuti?"

"Hii mikono. Hapa kichwani iko sita na nasikia mitatu tu ikivuta. Ile mingine inashika."

Refa alicheka, halafu akainuka akazunguka nyuma ya gunia. Nami nikaenda. Ilikuwa kweli. Kila msusi alikuwa na mkono unaosuka na mkono unaobana nywele kwenye mzizi, na ule wa pili haukuachia kamwe.

"Mama, kwani huwezi vuta na yote?" refa akamuuliza mama yangu.

"Nikivuta na yote nitang'oa mtoto wa watu kichwa," Mama akasema bila kuinua macho. "Lazima mmoja ushike. Toka kwa mwangaza."

Refa akarudi kwenye katoni. Alikuwa mtu wa ubishi, lakini hakuwa mtu wa kukataa alichokiona. "Sawa," akasema polepole. "Mkono ukipiga, mwingine lazima ushikilie daraja asianguke mtoni. Sita anapiga mara tatu."

Akarusha mara tatu. Ya kwanza ikampata Mama Mtungi. Ya pili ikapita. Ya tatu ikampata. Alibakiwa na uhai wa pigo moja, na alikuwa katikati ya daraja, pasipo na pa kurudi. Zamu ya jirani ikafika, na sote tulijua kwamba hata akipiga akapata, Sita alihitaji mengi zaidi ili aanguke.

"Unafanya nini?" refa akauliza, na sauti yake ilikuwa imelainika. Nadhani hakutaka amuue.

Jirani alivuta pumzi. Mmoja wa wasusi akamwambia, "Tulia wewe." Akatulia, akasema, "Mama Mtungi anamwambia Sita, nishikie mitungi kidogo nifunge leso."

"Nini?"

"Anampatia mitungi. Yote miwili. Ashike."

"Jitu haliwezi kukushikia mtungi," refa akasema. "Ni jitu. Liko hapo kukuua. Litashika kwa nini?"

"Kwa sababu limeambiwa."

"Hiyo ni uongo. Hakuna mtu mjinga hivyo."

Mama alikuwa amefika mahali pa kubadilisha pakiti ya nywele. Alinyoosha mkono kando, na fungu refu la nywele likining'inia, akasema, "Hebu nishikie hizi." Na refa, aliyekuwa karibu zaidi, akanyoosha mkono akashika. Alishika kwa mkono uleule wa dadu, kwa hiyo dadu ikaanguka kwenye katoni, naye akabaki amelishikilia fungu la rasta mbele ya kifua.

Mimi nilicheka kwanza. Wasusi, ambao kumbe walikuwa wakisikiliza muda wote, wakafuata. "Na huyu si jitu?" mmoja akauliza, na Mama akacheka mpaka akaachia msuko. Jirani tu ndiye hakuweza kucheka sawasawa, kwa kuwa kichwa chake hakikuwa chake.

"Mikono miwili ya kupiga imeshika mitungi," refa akasema alipopata nafasi. Alijaribu kuongea kama refa, lakini mdomo ulikuwa ukimtoroka. "Amebakiwa na mmoja wa kupiga. Narusha mara moja."

"Rusha na huo wa kushoto," Mama akamwambia. "Huo wa kulia bado nautumia."

Akarusha kwa mkono wa kushoto. Dadu iliruka kwenye katoni, ikagonga beseni la maji moto, ikaingia chini ya kigoda. Nilijilaza kifudifudi kuitafuta, nikaiona kando ya mguu wa Mama, imelala kwenye vumbi. Ilikuwa mbili.

"Mbili," nikasema. "Amekosa."

Ikawa zamu ya jirani, naye akamsukuma Mama Mtungi kando ya Sita kwa kidole gumba cha mguu, kwa sababu hakuweza kuinama, mpaka ng'ambo.

Jumapili walipakia mkokoteni: kitanda, jiko, sufuria, mitungi. Jirani alisimama kando, rasta zake zimemvuta macho kidogo kwa upya. Refa alikuja ameficha kitu mkononi. Alikuwa Sita. "Nishikie," akamwambia. "Nitakuja kumchukua." Jirani akamshika, na mkokoteni ukaondoka.

Kawangware si mbali. Watu wazima walikuwa wakienda na kurudi kwa miguu, wala hawakuhesabu kuwa safari. Lakini mtoto haendi mahali mpaka atumwe, na hakuna aliyetutuma. Januari refa alipelekwa shule ya bweni Magharibi, kwa babu yake. Mimi nilimaliza shule, Mama akaugua, tukamzika nyumbani kwao Kakamega, na tangu hapo nimekaa Nakuru, Voi, Kisumu, na miji mingine ambayo nikitaja utasema nakudanganya. Niliporudi kutazama, barabara kubwa ilikuwa imepita juu ya mlango wetu. Nilisimama ukingoni mwa lami nikijaribu kukisia kigoda kilikaa wapi. Gari zilikuwa zikipita hapo kwa kasi, juu ya foleni ya maji, juu ya kisu cha fundi wa akala, juu ya gunia. Hakuna hata harufu iliyobaki.

Basi fikiria nilivyokuwa kwenye lile benchi, wakati msichana mwenye miwani alipotoa kifuniko cha kalamu mdomoni.

"Anapiga mara mbili," akasema. "Mkono moja ikipiga, ingine lazima ishikilie. Na kama uko na kitu, unaweza mwambia akushikie."

"Ah, hiyo nayo," yule kijana wa hesabu akasema, lakini alikuwa ameshaokota dadu.

Niliwauliza ni nani aliyewafundisha hivyo.

"Hatujui, anti," msichana akajibu. "Hapa inachezwanga hivyo tu. Tulipata wakubwa wakicheza."

"Wakubwa gani?"

"Walishahama."

Nilitazama mezani kama kuna kipande cha tairi. Hakikuwapo. Jitu lao lilikuwa la kizibo na waya wa simu. Nilitaka kuwaambia, kisha nikaona nitawaambia nini: palikuwa na msichana, palikuwa na gunia, mama yangu alitaka kubadilisha pakiti ya nywele. Walikuwa katikati ya daraja lao na hawakunihitaji.

Fundi akaniita. Zipu ilikuwa tayari, inateleza vizuri. Nikatia begi begani, nikapita mbele ya kibanda kuelekea barabarani. Wakati huohuo mteja alifika kudai simu yake, na msichana mwenye miwani akainuka kuitafuta kati ya nyaya, mikono imejaa.

"Anti, nishikie hizi dadu kidogo," akasema. "Nikiziacha hapa hawa wataziguza."

Zilikuwa na joto la kiganja chake. Nikarudi nikaketi kwenye benchi, begi bado begani, nikazishika.